Barua kwa mwanangu: Kalamu ya mke mwenzangu haina kosa

Mwanangu,

Salaam nyingi kwako huko Ujerumani, kwa mkwe wangu na kwa mke mwenzangu mdogo, mjukuu wangu. Hapa Tanga hatujambo, mvua imekatika na maembe yameanza kushuka bei. Picha uliyonitumia nimeiona: mkono wa shati la shule bluu tupu, daftari limechafuka kama limekanyagwa, na chini umeandika, “Mama, hii kalamu ya wino naitupa, namnunulia peni.” Usiitupe. Nimeikuza picha ile kwenye simu nikaikagua kona zote, na ninachokiona mimi ni kwamba kalamu inasingiziwa.

Nakuandikia kwa mkono kwa makusudi. Ningekutumia sauti ungeisikiliza nusu, uko kwenye tramu unakwenda zamu ya usiku.

Tuanze na mkono wa mtoto. Anaandika kwa kushoto, na msimkataze. Najua shangazi zako watasema yao, waache waseme. Shida ni kwamba mkono wa kushoto ukiandika kuelekea kulia, kiganja kinapita juu ya maneno yaliyotoka kuandikwa sasa hivi. Wino wa peni ni mzito, una mafuta, hausumbuki. Huu wa kalamu ya wino ni maji na rangi, lazima upewe muda wa kukauka, na kiganja hakina subira hiyo. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunalijua jambo hili kwa upande wa pili. Kiarabu kinaanzia kulia, tunaandika kwa mkono wa kulia, hesabu inakuwa ileile: kiganja kinaufuata wino. Mwalimu wetu hakumhamisha mtu mkono. Alitufundisha kushusha kiganja chini ya mstari na kulaza karatasi mshazari. Mfundishe mwanao hivyohivyo, ila kwake yeye kona ya juu ya kushoto ya daftari ipande na ya kulia ishuke, mkono utokee chini ya maandishi. Siku za mwanzo atanuna, halafu atazoea.

Na Heidelberg si hapo jirani yenu tu, dakika chache za treni kutoka Mannheim? Ndiko waliko Lamy, wanaotengeneza kalamu tangu 1930. Wanauza nibu, yaani ile ncha ya kuandikia, yenye herufi LH kwa wanaotumia kushoto, na yenye herufi A kwa watoto wanaoanza. Huna haja ya kununua kalamu nzima. Nibu zao za chuma zinavutwa kwa mbele zikatoka, ukachomeka nyingine. Uliza dukani wakuonyeshe, wakikuonyesha mara moja utajua.

Sasa madoa ya vidoleni. Hapo inabidi ujue kalamu inavyofanya kazi, maana ukishajua hutaionea tena. Wino hausukumwi na kitu, unavutwa. Chini ya nibu kuna kipande cheusi cha plastiki chenye mfereji mwembamba kama uzi. Wino unapanda mfereji ule kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, unaingia kwenye ufa wa nibu mpaka nchani, na karatasi inaunywa. Kila tone likitoka, hewa kidogo inaingia ndani kushika nafasi yake. Basi wino ukibaki kidogo, sehemu kubwa ya katriji, kile kichupa cha plastiki cha wino, inakuwa hewa. Mtoto anaikumbatia kalamu kwa kiganja cha moto, hewa inatanuka, inausukuma wino kwa nguvu kuliko mfereji unavyoweza kuupokea. Vile vijifereji vidogo unavyoviona vimepangana ubavuni mwa kile kipande cheusi kazi yake ni kuzuia ziada hiyo, lakini vina kiasi chake. Kwa hiyo madoa mengi yanakuja mwishomwisho wa katriji. Abadilishe mapema. Kwenye ndege ni hivyohivyo: kalamu iwe imejaa au iwe tupu, na nibu itazame juu.

Jambo jingine, anakandamiza. Nimeona mistari imepanuka, pana katikati, nyembamba pembeni. Amezoea peni na penseli, ambazo usipozikandamiza hazikupi kitu. Kalamu ya wino hubebwa tu. Mwambie aishike kama anamchora paka aliyelala na hataki kumwamsha. Wewe pia ulikuwa unatoboa karatasi, kwa hiyo najua alikoitoa.

Lakini mshitakiwa mkubwa katika picha yako ni daftari, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu ananunua kalamu nzuri, anaandikia karatasi mbovu, kisha anasema kalamu inavuja. Karatasi nzuri hupakwa au huchanganywa na wanga au gundi maalumu ili isinywe maji haraka. Isiyo na dawa hiyo inanyonya, na wino unatambaa kwenye nyuzi zake, herufi zinaota ndevu, halafu unatokea upande wa pili. Unene si hoja. Karatasi ya Kijapani ya Tomoe River ina gramu 52 kwa mita ya mraba, ukiishika unaona kivuli cha vidole vyako, na wino hautokei nyuma. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inaweza kukuaibisha.

Mimi hapa Tanga nimeshajulikana kwenye maduka ya vifaa vya shule. Naingia na kalamu kwenye mkoba, naomba kaunta buku, nafungua ukurasa wa mwisho, nachora duara dogo na neno moja, nasubiri, nageuza. Kijana wa pale zamani alikuwa ananitolea macho. Siku hizi ananiwekea mbili tatu pembeni. “Bibi, mzigo mpya huu, jaribu.” Na ni kweli lazima ujaribu kila mzigo, maana kaunta buku ya jalada lilelile, ya kwaya (quire) tatu, mwezi huu karatasi yake ni laini na imebana, mwezi ujao ni sifongo. Nikipata nzuri nachukua nne kwa mpigo. Hilo nalo utaliita uchizi, lakini baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakusanya redio mbovu na hukumwambia kitu.

Usidhani ni mambo ya kizungu haya. Siyu, kule kisiwa cha Pate, Kenya, katika karne za 18 na 19 walikuwepo wanakili wa misahafu waliosifika, wakiandika na kupamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Ufundi wa mkono walikuwa nao, wino walikuwa nao. Karatasi nyingi waliyoitumia ilitoka Italia, ikaja na majahazi. Mwandishi anayejua kazi yake haandikii kitu chochote tu kinachopatikana.

Umeniuliza pia kuhusu ile kalamu ya kufutia, kwa nini mwalimu anairuhusu. Wino wa shule huko kwenu ni bluu ya kifalme, na rangi yake ina tabia moja: ukiigusa kwa dawa iliyomo kwenye kalamu ile, muundo wa rangi unavunjika, bluu inapotea machoni. Wino upo palepale, umekosa rangi tu. Ndiyo maana ukiandika tena juu yake kwa wino uleule nao unapotea, na ndiyo maana ncha ya pili ya kalamu ya kufutia ina wino mwingine usiosikia dawa. Mimi niliyekaa masijala ya ardhi mpaka nikastaafu, wino wa kufutika ofisini ningeuita jinai. Sisi tulikuwa na bluu-nyeusi kwa maandishi na nyekundu kwa nambari za folio, yaani karatasi za ndani ya jalada, na jalada likipotea folio moja hulali. Uingereza wasajili wao wa ndoa na vizazi walitumia wino wenye chuma ndani yake: unauandika bluu, hewa inaugusa, unaiva kuwa mweusi siku zinavyokwenda, na maji hayautoi. Huo hata mimi ninao kidogo, lakini sikai nao kwenye kalamu. Una asidi, na ukikaukia ndani unaziba njia.

Kwa mtoto, hata hivyo, wino wa kufutika nauunga mkono. Na kwetu pwani si mgeni. Kombe si linaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa? Kuna maandishi ya kukaa na kuna maandishi ya kupita. Hesabu za darasa la tatu ni za kupita. Na shati lile limepona kwa sababu hiyohiyo: liloweke kwenye maji baridi kwanza, ya moto baadaye. Ila asije rafiki yako msanii akamjazia mtoto wino wa kuchorea ule mweusi unaong’aa. Una utomvu ndani, ukikauka unakuwa gamba, na kalamu ndiyo basi.

Kuiosha ni kazi ndogo. Akibadilisha rangi, au kalamu ikilala wiki kadhaa bila kutumika, vua katriji, pitisha maji ya bomba yasiyo ya moto kwenye nibu mpaka yatoke meupe, laza kwenye kitambaa usiku mzima. Sabuni ya unga usiiguse. Mimi kuosha ndiyo sehemu ninayoipenda. Alasiri nakaa kibarazani na bakuli la maji, natumbukiza nibu, rangi inashuka kama moshi uliogeuzwa, na ndipo unagundua nyeusi uliyodhani ni nyeusi ina zambarau ndani, pengine na kijani.

Maana nakuambia ukweli, nilichostaafia ni hiki. Sina kalamu nyingi. Ile Hero ya marehemu baba yako, ya Shanghai, yenye nibu iliyojificha kwa kufuata mtindo wa Parker 51 waliyoitoa Wamarekani 1941, bado inaandika, na nyembamba inavyotakiwa kwa kubana hesabu za VICOBA. Ninayo ya Kijapani ya bei ya chini, Platinum Preppy, ambayo kifuniko chake kina mfuniko mwingine ndani, inakaa miezi wino haujakauka. Na ile Lamy Safari ya njano uliyoniletea. Watu wanatuma picha za Montblanc 149 yenye 4810 kwenye nibu, yaani urefu wa mlima Mont Blanc wenyewe kwa mita walivyouhesabu. Nzuri, sikatai. Lakini ile ni kidani, na mimi vidani ninavyo. Nikiwa na hela ya ziada nanunua wino na karatasi. Wino mzuri kwenye karatasi nzuri hauwi na rangi moja: herufi “m” inaanza hafifu, inakolea kila kalamu inapogeuka, na mwisho pale nibu ilipotua kabla ya kunyanyuka kuna kitone cheusi kidogo. Chukua barua hii uisogeze dirishani. Tazama “Mannheim” niliyoiandika kule juu. Nimeirudia karatasi nzima kwa sababu ya neno hilo, la kwanza sikulipenda.

Basi mkatie mtoto muda mpaka likizo. Nibu mpya, daftari la karatasi iliyobana, kiganja chini ya mstari. Nasikia na leseni ya kalamu ameshapewa shuleni na imebandikwa kwenye friji. Wanajua kuwapa watoto heshima, hilo nawapa. Mwambie aniandikie mistari miwili ya Kiswahili, yeye mwenyewe, bila kusahihishwa na baba yake.

Yule mwenzako anayekuja Desemba, mpe chupa moja ya wino wa Pelikan 4001 rangi ya kahawia, ile ndogo ya mililita 30. Aizungushie soksi na mfuko wa plastiki. Na ukipita Lamy, chupa yao ya mililita 50 ina karatasi ya kukaushia wino imeviringwa kwenye kitako. Hiyo naitaka kwa ajili ya karatasi, wino wowote utakaokuwemo sawa, isipokuwa bluu. Hela kata kwenye ile ya mwezi ujao, na usijifanye umesahau kukata.

Wasalimie wote.

Mama yako