Usilale chini ya chuma peke yako

Section 58, Nakuru
Jumapili jioni

Odhis ndugu yangu,

Nimefurahi sana kusikia umeanza kupiga chuma huko Kondele. Ila kuna maneno katika barua yako yaliyoninyima usingizi: kwamba jioni, wenzako wakishaondoka, wewe hubaki nyuma ya nyumba, ukalala kwenye benchi na kusukuma chuma peke yako. Nakusihi, acha hilo leo hii. Mengine yanaweza kungoja.

Mimi nilifanya vivyo hivyo mwaka jana. Mkono wa kushoto ulichoka kabla ya wa kulia, chuma kikanishukia kifuani, kikatulia hapo. Nilitaka kumwita mtu, sauti haikutoka. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nimefunga vibanio vinavyozuia pleti, yaani yale masahani mazito ya pembeni, hivyo niliinamisha chuma upande mmoja na pleti zikaporomoka chini. Sasa chako wewe ni bomba lenye mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Mikebe hiyo haichomoki, Odhis. Ungejinasuaje? Tena simiti haijazwi sawasawa. Ipelekeni kwa mwenye mizani ya magunia pale Kibuye mjue kila upande una kilo ngapi.

Hata kwenye mashindano ya pawalifti, mchezo wa kushindana kuinua uzito, ambako watu wamezoea mizigo mizito, wasaidizi husimama kando ya chuma tayari kukidaka. Basi wewe na mimi ni nani?

Kuhusu Mama kusema utadumaa: mazoezi ya uzito yenye mpangilio, chini ya macho ya mtu mzima anayeyajua, hayamdumazi kijana. Shirikisho la kimataifa la pawalifti lina kundi la vijana wa miaka 14 hadi 18. Lakini usimpuuze Mama. Mifupa yetu bado ina sehemu laini karibu na viungo, ambako urefu hutokea, na hizo huumia mtu akijitwika kupita kiasi au chuma kikimwangukia. Mwalike aje aone mnavyofanya. Akikuona na mzigo mwepesi na mtu wa kukulinda, moyo wake utatulia.

Ndiyo, mzigo mwepesi. Chuma cha jimu chenyewe, bila pleti yoyote, kwa kawaida ni kilo 20, na mimi sikukigusa kwa wiki mbili za kwanza. Nilijifunza skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na mzigo mabegani) na dedilifti (kuinua mzigo kutoka chini mpaka usimame wima) kwa mpini wa jembe. Kwenye dedilifti, pandisha chuma kikiambaa miguu yako na mgongo ubaki umenyooka. Mgongo ukianza kupinda, weka chini, umemaliza, hata kama vijana wa mtaa wanakushangilia. Inua mara nane hivi kisha uache ukiwa bado na nguvu ya kuinua mara mbili au tatu zaidi. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na usizifuatanishe. Ukizoea, ongeza kilo 2.5. Habari ya kutafuta mzigo mkubwa kabisa unaouweza, iache kwanza. Wale wa miaka 25 unaosema unataka kuwafikia, mifupa yao ilishakomaa.

Poda za kujenga misuli zinazouzwa kwenye mikebe usinunue. Una omena, maharagwe na mayai hapo nyumbani. Kula, kisha ulale mapema.

Likizo ya Agosti nitakuja Kisumu, nami nitasimama kichwani pa benchi lako mpaka uchoke. Kwa sasa liegemeze ukutani, na uniandikie upesi uniambie nani atasimama hapo kabla sijafika.

Nisalimie Mama.

Ni mimi,
Kip