Maple Leaf Rag usiikimbize

Neema rafiki yangu, mambo? Aisee nilivyosoma meseji yako kwamba umepata nota za Maple Leaf Rag, ile ngoma ya piano, nimefurahi mno, hiyo ngoma naipenda kupita kiasi, sasa kabla hujaigusa nikwambie kitu kimoja: usiikimbize. Wengi wanaipiga mbio kama wanashindana na utamu wote unapotea. Scott Joplin mtunzi wake mwenyewe alisisitiza ragtime, yaani huu mtindo wa mkazo kuangukia nje ya pigo, haifai kupigwa haraka, na pale juu ya nota utaona kaandika mwendo wa machi, yaani kutembea.

Mkono wa kushoto ndo unatembea, noti ya besi halafu kodi (noti kadhaa kwa pamoja), besi kodi, besi kodi, mapigo mawili kila kipimo, hautetereki. Kulia sasa ndo kuna uchokozi, kipimo cha kwanza tu unaanza na kimya kidogo halafu noti zinadondokea katikati ya mapigo, mkazo unakuja pale ambapo mguu wako haujakanyaga. Kushoto kukiyumba basi tena, inakuwa fujo tupu.

Halafu kuna mahali, kabla sehemu ya kwanza haijafika nusu, kushoto kunaacha kutembea, inaingia maina, ile sauti ya huzuni, noti zinapanda kutoka chini kabisa kwenye besi mpaka juu, mkono unapokezana na mkono. Hapo nasisimka mwili mzima, kila nikisikiliza.

Sehemu zipo nne za vipimo 16, zinarudiwa. Doh, yaani noti ya nyumbani, ni A-fleti, sehemu ya tatu inahamia D-fleti, ya nne inarudi nyumbani. Ile ya pili zikate noti fupifupi.

Na ujue hii ilichapishwa 1899 huko Sedalia, Missouri, Joplin mtu mweusi ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa, na bado akasaini na mchapishaji John Stark alipwe senti moja kwa kila nakala itakayouzwa, wakati watunzi wengi walikuwa wanauza wimbo kwa hela ya mara moja imeisha. Mimi hilo linanifurahisha sana.

Anza na kushoto peke yake, kulia usiguse mpaka uweze kupiga stori na mtu huku kunatembea. Wewe umezoea kinanda cha kwaya ambako noti zinavutwa, huku achia vidole mapema. Ukifika ile sehemu ya kupanda nirekodie unitumie, hata kama ina makosa, nataka kusikia.

Msalimie mama,
Rehema