Heri ya Pentekoste, sikukuu ya mikate miwili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa! Heri ya Pentekoste kwenu nyote, mlioko nyumbani, mlioko safarini, na nyie wa zamu ambao leo hamkupata hata nafasi ya kufika ibadani.

Kuna kitu kinanigusa sana kila mwaka siku hii ikifika. Tukisikia Pentekoste tunaenda moja kwa moja kwenye upepo na ndimi za moto, sawa kabisa, ila jiulize wale watu wa Parthia, Misri, Libya, Krete mpaka Arabuni walikuwa Yerusalemu kufanya nini asubuhi ile? Walienda sikukuu ya mavuno jamani! Wayahudi wanaiita Shavuoti, kwenye Biblia yetu ni Sikukuu ya Majuma, unahesabu majuma saba toka ule mganda wa kwanza wa shayiri unaotikiswa msimu wa Pasaka halafu siku ya 50 yanaletwa malimbuko ya ngano. Na Petro anaposema hawajalewa kwa sababu ni saa tatu ya mchana, ni saa tatu hii hii yetu, Wayahudi nao walihesabu saa toka jua linapochomoza kama sisi, yaani muda ule chai imeshanyweka na watu wanaelekea ibada ya pili.

Sasa fungua Walawi 23:17. Mikate miwili ya unga mwembamba, IMETIWA CHACHU. Hapo ndipo huwa nakwama kabisa, maana Pasaka wametoka kuondoa chachu yote majumbani, na Walawi 2:11 inakataza chachu kuteketezwa madhabahuni, halafu siku ya 50 Mungu mwenyewe anaagiza mkate wenye chachu uletwe mbele zake! Kama umewahi kukanda unga wa maandazi usiku ukaufunika na kitambaa unajua, asubuhi unafunua umeumuka hadi umegusa kitambaa, una vishimo vishimo na ile harufu ya uchachu, na hamira hapo hakuna mtu wa kuitoa tena, imeshaingia kote. Ndio sisi hao. Ule mganda wa kwanza ni Kristo, Paulo anamwita limbuko lao waliolala, halafu siku 50 baadaye tunakuja sisi na hasira zetu na visasi vyetu vya miaka, na tunapokelewa.

Kwa nini miwili? Wapo wanaosema mmoja ni Wayahudi na mwingine ni watu wa mataifa, na mimi nakubaliana nao, maana hata Wayahudi wenyewe wana desturi ya kusoma kitabu cha Ruthu sikukuu hii. Mjane, Mmoabu, mgeni kabisa, anaokota masazo kwenye shamba la Boazi toka mavuno ya shayiri mpaka ya ngano, akaja kuwa mama wa babu yake Daudi.

Wale elfu tatu waliobatizwa siku ile ni malimbuko tu, shamba lenyewe bado.

Na Ruthu aliokota kwa sababu ya mstari wa 22 wa Walawi 23 ile ile, uko hapo hapo katikati ya maagizo ya sikukuu, tunauruka kila siku: usivune mpaka pembeni mwa shamba lako, mwachie maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 16 nayo inataja kabisa wa kufurahi na wewe, mwanao, binti yako, mtumishi wako, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Mungu amekupangia mpaka wageni wa mezani!

Hapa kwetu wali uko jikoni tayari, na mama wa mlango wa pili aliyefiwa na mumewe mwezi wa tatu tumemwambia leo asiwashe jiko, anakuja na watoto wote wanne. Roho Mtakatifu awajaze wapendwa, sikukuu njema sana.