Kabla hamjanunua kikombe kingine cha mwalimu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na kama itakuwa ndefu utapunguza mwenyewe maana mimi nikianza sijui kukata. Mimi ni sekretari wa shule, mwaka wa 11 sasa, na kila shule zikikaribia kufunga meza yangu inageuka stoo. Wazazi wanapita dirishani, "samahani dada, hii mpe mwalimu wa darasa", "hii ya ticha wa hesabu, usimwambie imetoka kwa nani atajua mwenyewe", basi mimi napokea, naandika kikaratasi, nabandika, napeleka. Kwa hiyo kwenye hizi zawadi za mwisho wa mwaka naweza kusema nimeona mengi kuliko hata walimu wenyewe.

Kwanza vikombe. Jamani vikombe! Kuna mwalimu hapa mwaka jana peke yake alipata 9, karibu vyote vimeandikwa mwalimu bora duniani, sasa sijui ukiwa na 9 unakuwa bora mara 9 au vipi. Kimoja anawekea kalamu, kimoja chaki, vingine akagawa kwa majirani, na nasikia kimoja kimerudi shuleni mwaka huu kimefungwa upya na karatasi mpya, kaja nacho mtoto wa jirani huyohuyo. Pafyumu nayo ni bahati nasibu, kuna watu harufu ikizidi tu kichwa kinauma siku nzima. Nguo ndo usiseme, ukikosea saizi kwenda juu umemtukana, ukikosea kushuka chini hawezi kuvaa.

Mi nadhani tatizo linaanzia kwenye bei. Mzazi anawaza nikinunua cha bei ndogo mwalimu ataonaje, wenzangu wataonaje. Sasa kuna watafiti wa Marekani, Francis Flynn na Gabrielle Adams, mwaka 2009 walitoa utafiti kuhusu hilohilo, wakakuta mtoaji anaamini zawadi ikiwa ghali ndo itapendwa zaidi, ila kwa mpokeaji bei haikuwa na uzito huo kabisa. Nilivyosoma nilicheka maana mimi hilo nimelijua kwa kuangalia sura za watu wakifungua vifurushi kwenye kiti kilichopo mbele ya meza yangu, sikuhitaji chuo kikuu.

Lakini siyo hilo lililonifanya niandike. Kilichonifanya niandike ni miwani.

Muhula uliopita kuna mtoto alipoteza miwani, na bila miwani huyo mtoto haoni ubao. Darasa zima lilitafuta, wapi. Mtu wetu wa usafi, mama mmoja mkimya sana, baada ya watoto kuondoka akavaa glavu akamwaga mapipa yote ya taka ya ile korido, moja baada ya jingine, mpaka akaipata ndani ya gazeti imekunjwa na maganda, akaiosha akaniletea ofisini. Kesho yake mzazi akaja kuichukua, akafurahi kweli, akashukuru, na wiki iliyofuata akaleta zawadi nzuri tu. Ya mwalimu wa darasa. Na kadi juu, asante kwa kumjali mwanangu. Yule mama wa usafi alikuwa anapiga deki palepale mlangoni wakati nabandika jina la mwalimu kwenye kifurushi, hakusema kitu, akanyanyua miguu yangu kwa ule mpini wa mopu kama anavyofanya siku zote akapita. Mimi ndo niliona aibu. Mzazi wala simlaumu sana, mimi mwenyewe sikumwambia nani aliipata.

Hivi tukiandika orodha ya kushukuru kwa nini inaishia kwenye ubao? Mlinzi wa getini anajua mtoto wako huwa anachukuliwa na nani, akija mtu mgeni anasema hatoki mtu hapa mpaka nipige simu. Mpishi anakumbuka nani akila karanga anavimba. Dereva wa basi, matroni, nesi, mkutubi, yule fundi anayerekebisha madawati, wote hao mtoto wako anapita mikononi mwao kila siku. Walimu angalau wana siku yao ya dunia, tarehe 5 Oktoba tangu 1994. Mlinzi wangu yeye ana siku ya zamu na siku ya kupumzika basi.

Na naomba wazazi wasinielewe vibaya, sisemi muongeze bajeti, tena hapo kwenye pesa ndo penyewe. Haya magrupu ya WhatsApp ya darasa, mtu mmoja anaanzisha mchango, anaposti majina yote na kitiki kwa aliyetoa, kila jioni orodha inarudi upya, na wale wasio na kitiki wanabaki wanaonekana kama wadaiwa. Mimi nawaona hao wazazi wakija ofisini, siku ya kufunga wanapitia geti la nyuma wasikutane na wenzao. Kwa ajili ya zawadi ya asante! Kama lazima kuchanga basi mtunza pesa ajue peke yake nani katoa nini, kiwango kisitajwe, na kadi wasaini watoto wote wa darasa bila kuangalia nani kachanga.

Kuna na hili la muda. Zawadi kubwa inayofika wiki moja kabla ya ripoti za mitihani, hata kama nia ni safi inanuka. Leteni baada ya matokeo kutoka. Na ulizeni utaratibu kwanza, shule nyingine hazipokei kitu kabisa, kwingine ni sheria ya nchi, Korea Kusini kwa mfano sheria yao ya kuzuia rushwa iliyoanza Septemba 2016 ilibana mpaka ua la mwanafunzi mmoja kumpa ticha wake Siku ya Walimu. Mnaweza kuona wamezidisha ila mimi nikikumbuka baadhi ya vifurushi vilivyopita mezani kwangu naelewa walikotokea.

Sasa niwaambie kitu ambacho mnaweza msijue kwa sababu hamkai upande wangu wa kabati. Mimi ndo naweka mafaili. Kila mfanyakazi hapa ana faili lake, na mzazi akikasirika anaandika, tena anaandika vizuri, kurasa 2, nakala kwa mkuu wa shule, nakala kwa bodi. Mzazi akifurahi analeta kikombe. Kikombe hakiingii kwenye faili. Siku mkataba unajadiliwa au nafasi ya kupanda imetokea, wakubwa wanafungua faili la mlinzi wanakuta fomu za likizo na lalamiko moja la mzazi aliyecheleweshwa getini, ambalo ukilichunguza ni kwamba jamaa alikuwa anafanya kazi yake.

Kwa hiyo andikeni. Nusu ukurasa inatosha, ila mtaje kitu chenyewe, siyo "asante kwa kazi nzuri" hiyo hata mimi naweza kuipiga chapa kwa watu 60 kwa mara moja. Sema tarehe fulani mtoto wangu alifanyiwa hivi na fulani. Mwenyewe mpe barua, nakala mpe mkuu wa shule. Wengi mnaona aibu mnadhani mtaonekana wa ajabu, mtashangaa, kuna watafiti wengine, Amit Kumar na Nicholas Epley, mwaka 2018 walipima watu wanaoandika barua za shukrani wakakuta waandishi wanadhani mpokeaji ataona soo kuliko anavyoona kweli, na furaha yake wanaikadiria chini. Yule ticha wa vikombe 9, kwenye droo yake kuna barua ya mwanafunzi wa miaka 6 iliyopita, ya penseli, imechakaa kwenye mikunjo. Vikombe vimegawiwa, hiyo ipo.

Jambo la mwisho, la kiofisi tu. Jina liandikwe kamili, "mama wa usafi" au "babu wa getini" mimi siwezi kulifailia. Najua wengi hamyajui majina yao. Njoeni dirishani mniulize nitawaandikia kwenye kikaratasi, na mkitaka na la kwangu pia nitalitaja, halina taabu ni fupi.

Ni mimi msomaji wenu,
Sekretari wa shule