Matimbo yaliyojaa maji yapimwe na yalindwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze niliyoyaona mwezi wa Agosti hapa Uingereza ninakofanya kazi, kwa sababu tangu siku ile halinitoki akilini timbo moja, yaani shimo lililochimbwa mawe, lililoko nyuma ya kijiji chetu huko Pwani ya Kenya. Masika yakipita, timbo hilo hubaki limejaa maji, na nilipokuwa darasa la sita lilimchukua mtoto wa jirani yetu.

Tulikuwa marafiki wanne: mimi, mwenzangu mmoja mzaliwa wa Tanga, na Waingereza wawili tunaofanya nao kazi. Jumamosi hiyo tulikwenda kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa mahali paitwapo Stoney Cove, katika jimbo la Leicestershire. Mtu wa kwetu akisikia habari za kupiga mbizi kwa mitungi huwaza bahari, matumbawe na samaki wa rangi. Stoney Cove iko katikati ya nchi, mbali na bahari kwa kila upande, na maji yake ni ya timbo. Tangu karne ya 19 watu walikuwa wakichimba granaiti hapo huku pampu zikiondoa maji ya chemchemi yaliyokuwa yakiwasumbua. Uchimbaji ulipokoma mwaka 1958, chemchemi zikaachiwa zilijaze shimo lote. Mapema katika miaka ya 1960 wazamiaji wakaanza kulitumia, na baadaye likawa mahali pa kuwafunzia watu waliokwenda kufanya kazi chini ya maji kwenye visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini.

Nilichokiona kwanza ni mpangilio wa pale mlangoni. Kabla hujavua viatu unatakiwa kuonyesha kadi ya mafunzo yako, na asiye na kadi haruhusiwi kuingia majini bila mkufunzi. Kila mtu pale anajua kina cha maji, kwa sababu wachimbaji waliacha ngazi tatu za mwamba: ya kwanza iko karibu mita 7 chini, ya pili karibu mita 20, na ya tatu karibu mita 35, ambayo ndiyo sakafu ya timbo. Mgeni huelezwa mapema ni ngazi ipi inayolingana na mafunzo yake. Mimi na mwenzangu wa Tanga tulikuwa na ruhusa ya kufika ngazi ya pili, wala hakuna aliyetushawishi kwenda chini zaidi.

Tulivaa nguo nzito za mpira, kisha kila mmoja akamkagua mwenzake kwa mkono: jaketi linajaa hewa, mkanda wenye vipande vizito vya risasi vya kumsaidia mtu kuzama unafunguka kwa urahisi, mtungi umefunguliwa mpaka mwisho, kifaa cha mdomoni kinatoa hewa safi. Hapo ndipo mmoja wa wale Waingereza, mtu mzima aliyezamia matimbo kwa miaka mingi, aliposhika mkanda wa yule mwenzangu na kuchomoa vipande viwili vya risasi vya kilo moja moja. Mwenzangu alijifunza kuzamia Unguja, naye alikuwa amefunga risasi kwa hesabu ya baharini. Maji ya chumvi ni mazito na humwinua mtu kuliko maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo uzito uliomfaa kule ungemzamisha haraka mno hapa. Nilizaliwa hatua mia mbili kutoka baharini, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu azoeaye kuogelea baharini akiingia kwenye shimo la maji ya mvua anapoteza sehemu ya msaada aliouzoea, tena bila kujua.

Maji ya juu yalikuwa ya vuguvugu la kuvumilika. Tulipokaribia mita kumi tulivuka mpaka ambao ningeweza kuuonyesha kwa kidole: kichwa na mabega vilikuwa bado katika vuguvugu huku magoti yakiwa tayari yameshikwa na baridi kali. Wakati wa kiangazi cha huku jua hupasha tabaka la juu peke yake, na maji mazito ya baridi hubaki chini bila kuchanganyika nayo. Chini ya mpaka huo maji yalikuwa maangavu zaidi, na mbele yetu ikajitokeza Stanegarth, meli ndogo ya kuvuta meli nyingine, iliyoundwa mwaka 1910 na kuzamishwa humo kwa makusudi mwaka 2000 ili wazamiaji wapate mahali pa kujifunzia. Samaki wenye milia myeusi ubavuni walikuwa wamesimama katika chumba cha nahodha bila kutikisika. Niligusa ukingo wa meli kwa kidole kimoja, vumbi la kutu likapanda taratibu na kubaki limening'inia mbele ya miwani yangu.

Katika kina kile cha karibu mita 20 msukumo wa maji na hewa kwa pamoja ni mara tatu ya ule wa juu, kwa hiyo hewa ya mtungini huisha mara tatu upesi. Tulikuwa tumekubaliana kurejea mapema, lakini hatukufika wakati huo. Kifaa cha mdomoni cha mwenzangu wa Tanga kilianza kumwaga hewa mfululizo bila kuziba, hitilafu inayojulikana sana katika maji ya baridi, na mapovu yakamfunika uso mzima. Nilimwona akinyoosha mkono, na kabla sijamfikia yule mzee alikuwa amekwisha kumpa kifaa chake cha akiba na kumshika kamba ya jaketi. Sote wanne tulipanda pamoja, si zaidi ya mita tisa kwa dakika, na tulipofika mita tano tukasimama dakika tatu huku tumeshika kamba ya boya, ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka polepole. Hakuna aliyeumia. Tukio zima, tangu mapovu ya kwanza hadi tukawa juu, halikuzidi dakika saba, na kila mmoja wetu alijua la kufanya kwa kuwa alikuwa amelifanyia mazoezi mara nyingi katika maji mafupi.

Baadaye tuliketi juu ya mawe tukinywa chai, nami nikawa natazama kuta za timbo zilivyosimama wima kuzunguka maji. Mahali pa kutokea pamejengwa, mna ngazi na mteremko, na maboya yenye kamba yamewekwa kwa ajili ya kushikwa na aliyechoka. Nikalikumbuka timbo letu. Kuta zake nazo zimesimama wima vivyo hivyo, kwa sababu matofali ya mawe ya matumbawe hukatwa kwa kwenda chini moja kwa moja, lakini hakuna mahali popote pa kutokea. Mtoto yule alikwenda kuchota maji na mtungi wa lita ishirini, ukingo ukamteleza. Alikuwa anajua kuogelea. Sote tulijua, maana tulijifunzia pamoja baharini. Tulipofika tulikuta michirizi ya vidole kwenye ukuta mlaini, kiasi cha dhiraa moja juu ya maji, ikizunguka kutoka pembe moja hadi nyingine. Wavuvi waliitwa kumtafuta, na kazi iliwachukua mpaka alasiri kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua shimo lina kina gani wala chini yake mna nini. Mmoja wao alizama na kuibuka bila kifaa chochote mpaka akatokwa na damu puani. Mwenye timbo alikuwa amekwisha kuhama na mashine zake miaka mingi kabla ya hapo.

Sisemi kwamba kila timbo la Kenya ligeuzwe mahali pa kuzamia, wala sisemi kwamba kule Stoney Cove hakuna hatari. Wazamiaji wenye mafunzo wamewahi kufa mle pamoja na kanuni zote hizo. Ninachosema ni kwamba shimo haliachi kuwa la mtu kwa sababu mawe yake yamekwisha. Sheria yetu ya Madini ya mwaka 2016 inahitaji mpango wa kurekebisha ardhi iliyochimbwa, na imeweka utaratibu wa dhamana ya kulinda mazingira. Mfano wa kufanya hivyo tunao huko huko Pwani tangu mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda mivinje katika mashimo makavu yaliyochimbwa mawe ya saruji huko Bamburi; leo watoto wa shule hupelekwa hapo kwa mabasi kutazama viboko na kobe. Lakini matimbo madogo ya vijijini, yanayochimbwa na watu wachache kwa misumeno na mitaimbo kisha yakaachwa, hayaonekani kuwa na mwenyewe, na ndiyo hayo yaliyo karibu na nyumba za watu.

Wapo watakaosema Uingereza ni nchi tajiri, na kwamba mambo ya kadi na maboya hayatuhusu. Najua gharama ya mtungi na nguo ya mpira, na sidai kijiji kinunue. Hata hivyo, katika yote niliyoyaona siku ile, yaliyo muhimu zaidi kwa mtoto anayechota maji ndiyo yenye gharama ndogo kuliko yote: mteremko mmoja unaochongwa upande mmoja wa shimo ili aliyeanguka apate pa kutokea, jambo ambalo mchimbaji angelifanya kwa siku mbili kabla hajaondoa mashine, nguzo iliyopigwa rangi kuonyesha kina kwa mita, kamba ndefu iliyofungwa tairi la gari, ining'inie mahali ambapo haiibwi upesi, na uzio wa miti ya miiba kwenye kingo zinazobomoka. Naiomba serikali ya kaunti isitoe kibali kipya cha kuchimba mawe kabla mwombaji hajaonyesha mteremko huo kwenye mchoro wake, na afisa aende kuuona kwa macho kabla mchimbaji hajarudishiwa dhamana yake.

Mwezi wa Desemba nitakuwa nyumbani kwa likizo. Nimekwisha kuzungumza kwa simu na mzee wa mtaa pamoja na yule mvuvi aliyezama siku ile, ambaye sasa ni mtu mzima sana, na tumekubaliana kulitia bildi timbo letu kama manahodha wanavyopima mlango wa bandari. Yeye ataleta kidau cha kuelea juu ya maji, mimi nitaleta kamba yenye fundo kila baada ya mita moja na chubwi la kilo mbili, na tutaandika kina cha kila pembe kwenye ubao utakaosimamishwa penye njia ya kuchotea maji. Ikiwa wako wasomaji wenye shimo kama hilo karibu na makazi yao, na wangependa tuwasaidie kulipima, wamwandikie mhariri, nami nitawafikia kabla sijaondoka mwezi wa Januari.

Msomaji wako,
Leicester, Uingereza