Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mbwa wa lindo akichoka, anakwenda wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Nkuhungu, hapahapa Dodoma, mwendo wa daladala mbili tu hadi ofisini kwako Mtumba. Mimi ni mlinzi mstaafu. Nililinda maghala ya alizeti kule Kizota kwa miaka 16, na katika hiyo, miaka saba nililinda na mbwa jike aliyeitwa Shaba. Kampuni iliyotuajiri sitaitaja. Nilifanya kazi na walinzi wa kampuni nyingine, na masimulizi yao yanafanana na yangu.

Shaba alikuwa chotara wa mbwa wa Kijerumani, rangi ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Aliletwa lindoni akiwa na mwaka na nusu hivi. Mchana alifungiwa bandani, gizani, ili usiku atoke na hasira zake. Saa kumi na mbili jioni namfungulia, tunaanza kuzunguka ukuta, mimi na tochi, yeye na pua. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wa usiku wa mwezi wa sita na wa saba, ule unaopenya hata koti la mtumba lenye manyoya. Usiku wa namna hiyo tulikaa kibandani mgongo kwa mgongo. Sikuwahi kumbembeleza, maana mbwa wa kazi ukimbembeleza unamharibu, lakini joto la mgongo wake nalikumbuka mpaka leo.

Mwaka wa saba nyonga zikaanza kumsumbua, kama zinavyowasumbua wengi wa aina yake. Akawa anainuka kwa awamu: kwanza miguu ya mbele, anapumzika, kisha anauvuta mwili wa nyuma kama kuli anayevuta gunia. Nikamwambia msimamizi wa zamu. Akaja, akamtazama, akasema, "Huyu amekwisha, mzee. Tutaletewa mwingine." Wiki iliyofuata ikaja pikapu. Nilipouliza anapelekwa wapi nikajibiwa kwamba amepewa mfugaji mmoja kule Bahi. Kwenye daftari la vifaa, lile lenye tochi, virungu na makoti ya mvua, jina lake likapigwa mstari na pembeni pakaandikwa "chakavu".

Mwaka huohuo nami nilistaafu. Nilipigwa picha nikiwa nimeshika cheti, tukanywa soda, na NSSF wananilipa pensheni hadi leo. Ghala tulilinda moja. Usiku mwizi aliporuka ukuta upande wa reli, aliyemkamata suruali ni Shaba. Mimi nilipuliza filimbi tu.

Miezi minne baadaye, Jumamosi, nilikwenda mnadani Msalato. Chini ya meza za nyama choma palikuwa na mbwa koko kama sita wakigombea mifupa, na mmoja alikuwa na kipande cha mnyororo shingoni. Nikapiga mluzi wetu wa zamu, mfupi mara mbili, kwa kujaribu tu. Yule mwenye mnyororo akageuka. Akaja akichechemea, akaketi upande wangu wa kushoto. Wala hakunitazama usoni. Alitazama mbele kama tulivyozoea, akisubiri tuanze kuzunguka.

Nilimpandisha bajaji kwa nauli mara mbili. Nyumbani nilikuwa na wasiwasi na mama mwenye nyumba, ambaye ni Mwislamu mwenye kushika dini yake. Aliniomba jambo moja, nimfunge mbwa mbali na mlango wake na njia anayopita akienda kuswali. Tangu siku hiyo, kila jioni alinisogezea makoko ya ugali kwenye sahani ya bati, akisema mnyama mwenye njaa hana dhehebu. Shaba aliishi miezi 11. Siku aliposhindwa kuinuka kabisa nilimwita daktari wa mifugo, akamchoma sindano, akalala. Nilishika kichwa chake. Gharama nilizitoa kwenye pensheni, na sikujuta hata senti.

Sasa nije kwenye hoja, Mheshimiwa, maana najua utaulizwa, na mimi nimeshaulizwa kijiweni: watu wenyewe hawana bima ya afya, wewe unalilia mbwa? Swali ni halali. Nitalijibu kwa upande unaokuhusu zaidi wewe. Mbwa wa kazi anayetupwa mtaani anatoka kwenye chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, huyo mtu karibu kila mara anakufa, na Shirika la Afya Duniani na wenzake wamejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Halafu huyu si mbwa koko wa kawaida. Amefundishwa kwa miaka kwamba mtu asiyemfahamu ni adui. Mtoto anayepita kwenda shule hajui hilo.

Ndiyo maana pia sisemi kila mbwa apewe mtu aende naye nyumbani. Mbwa anayenusa dawa za kulevya au pembe za ndovu hufundishwa kwa mchezo. Akipata kitu anapewa mpira wake, anafurahi, na akizeeka anaweza kukaa na familia vizuri tu. Mbwa wa lindo ni habari nyingine. Wapo watakaoweza kukaa na mlinzi aliyewazoea, na wapo ambao haki yao ya mwisho ni sindano ya daktari, mtu wao akiwa pembeni. Hilo la pili silioni kuwa ukatili. Ukatili ni pikapu.

Wamarekani walichelewa kulijua hili. Katika vita ya Vietnam walitumia mbwa wapatao 4,000, na waliorudi nyumbani wanakadiriwa kuwa 200 tu. Walihesabiwa kuwa vifaa vilivyozidi. Mpaka Novemba 2000 ndipo ikasainiwa sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi waliostaafu kuchukuliwa na waliokuwa wakiwaongoza, na vyombo vya polisi, au na watu wengine wenye uwezo wa kuwatunza. Watu wanaiita kwa jina la mbwa mmoja, Robby, ambaye mwenyewe hakuishi kuifaidi. Uingereza, mwaka 2013 polisi wa Nottinghamshire walianza kuwalipia mbwa wao wastaafu gharama za matibabu, pauni 500 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Zile ni nchi tajiri, utasema.

Basi twende Morogoro, saa chache tu kwa basi. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70. Mwaka 2020 Waingereza wakamvika nishani ya dhahabu. Mwaka 2021 alipopunguza kasi wakamstaafisha, akabaki wiki kadhaa akiwaonyesha kazi panya wapya, kisha akaachwa ale na kupumzika hadi alipokufa Januari 2022. Panya, Mheshimiwa! Mnyama ambaye huku kwetu anatafutiwa sumu. Nilipoisikia habari ile nilicheka, halafu nikaikumbuka ile "chakavu".

Sheria tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inataka wanyama watendewe kiutu, na imeunda baraza la kukushauri. Lakini kampuni za ulinzi zinasimamiwa na Polisi, walio chini ya Mambo ya Ndani. Mbwa wa lindo akiwa kazini anaonekana ni wa kule. Akizeeka haonekani ni wa yeyote.

Ninachoomba ni karatasi moja. Kampuni inapomwingiza mbwa kazini, ijaze fomu yenye jina lake, umri, chanjo, na mwisho wake: nani atamchukua akichoka, na nani atalipa chakula na daktari. Mlinzi aliyemzoea aulizwe kwanza. Akikataa au asipoweza, na mbwa mwenyewe akiwa hafai kukaa na watu, daktari wa mifugo asaini kwamba alimlaza kwa utaratibu. Mwisho ujazwe siku ya kwanza, mbwa akiwa bado kijana na kampuni ikiwa bado inamtaka. Siku ya pikapu hakuna anayejaza kitu. Fomu isiyo na mwisho, kibali cha kutumia mbwa kisitoke. Afisa mifugo wa kata, ambaye tayari anazunguka na chanjo, aikague mara moja kwa mwaka. Haihitaji bajeti ya kupigania bungeni.

Punda wetu tulishawasemea, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi zao. Naamini mbwa nao watasikilizwa, ingawa sijui kama nitakuwepo.

Kile kipande cha mnyororo ninacho, kimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kikihitajika kama kielelezo, niite tu, nitakileta Mtumba mwenyewe. Siku za Jumatano nina kliniki ya presha. Siku nyingine zote nipo.

Wako,
Mlinzi mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma