Kijani cha mwaka wa kwanza si ushahidi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mgodi uliofungwa na ardhi yake kurudi "kama zamani", na ile picha ya majani imekolea kweli sikatai, ila picha moja ya msimu wa mvua haithibitishi kitu. Mtu yeyote akimwaga mbegu za nyasi na mbolea juu ya kifusi, mwaka wa kwanza zitaota tu. Mbolea ikiisha inakuwaje? Hapo hamkugusa.

Watu wanaofuatilia sawasawa kazi ya kurudisha mimea kwenye ardhi iliyochimbwa wanakuwa na ploti ndogo za kudumu, kona zimepigiliwa vyuma na kuchukuliwa GPS, ili kila mwaka wapime palepale na siyo pale palipopendeza siku hiyo. Humo wanahesabu aina za mimea, wanakadiria asilimia ya ardhi iliyofunikwa, halafu wanalinganisha na eneo la jirani ambalo halikuchimbwa. Sasa bila hilo eneo la kulinganisha, ukiambiwa asilimia 70 imefunikwa umeambiwa nini? Kama pori lenyewe hapo jirani ni 40, mimi hiyo 70 inanitia wasiwasi, pengine ni gugu moja tu limetanda.

Kitu ningekitafuta kwanza ni miche iliyoota yenyewe. Mti uliopandwa ukiwa bado hai labda unakuambia kuna mtu anamwagilia, basi, lakini ukikuta chini yake vichipukizi ambavyo hakuna aliyevipanda, vya mbegu zake au za kuletwa na ndege, ujue udongo umeanza kukubali. Miaka ikienda na huvioni, chimba uangalie: mara nyingi malori yameshindilia ardhi mpaka mizizi haipiti, au udongo wa juu ulirundikwa pembeni muda mrefu mno mbegu na fangasi wazuri wakafia humo, au chini kuna mawe yenye pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi, na mimea inakauka kwa viraka.

Machimbo ya mawe ya chokaa ya Bamburi kule Mombasa, ambayo leo ni hifadhi ya miti na wanyama iitwayo Haller Park, yanafundisha sana. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji ya Bamburi, alianza kuyarudishia miti mwaka 1971, wakajaribu aina 26 za miti zikapona 3 tu, mvinje ukiwemo, na ndio uliobeba mzigo. Kwa picha pale pangeonekana pameshapona kabisa, ila chini majani ya mvinje yalikuwa yanarundikana hayaozi kwa sababu ya tanini, ile kemikali kali ya kwenye majani, na yasipooza udongo hautengenezeki. Ndipo wakaletwa majongoo, wakayatafuna, mboji ikaanza kupatikana. Hilo huwezi kuliona ukiwa juu, lazima uiname.

Sisemi satelaiti hazina kazi, jamani. Zile za Landsat zinapiga picha tangu 1972 kwa hiyo sehemu nyingi unaweza kuona eneo lilivyokuwa hata kabla halijachimbwa, na zile za Sentinel-2 zinakupa pikseli ya mita 10, yaani kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10 za ardhi, zote bure. Kipimo cha NDVI, yaani cha ukijani wa mimea, kinatumia ule ukweli kwamba jani hai linanyonya mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, mwanga ambao macho hayauoni, kwa hiyo unaona wapi panafifia kiangazi na unajua wapi pa kwenda kukagua kwa miguu. Lakini kwa NDVI peke yake gugu vamizi na mti wa asili vyote ni kijani, na kuna ripoti zinaishia hapohapo.

Halafu kuna suala la muda. Sheria ya Marekani ya 1977 ya migodi ya makaa ya mawe inamfunga mchimbaji awajibike kwa mimea aliyoirudisha kwa miaka 5, na maeneo yenye mvua kidogo ni miaka 10, na hesabu inaanza baada ya mara ya mwisho kupanda mbegu, kuweka mbolea au kumwagilia, yaani ukirudi kuongeza mbolea ili pang'ae hesabu inaanza upya. Mimi naona hicho kipengele ndio cha maana kuliko vyote.

Kwa hiyo mkirudi tena kwenye mgodi huo muulize: lini mara ya mwisho mliweka mbolea, na vipimo vya kila mwaka vya zile ploti viko wapi tuvione? Na muulize kabla dhamana, zile fedha mchimbaji anazoweka kuhakikisha ardhi itarudishwa, haijarudishwa, maana wakishachukua hela zao sidhani kama kuna atakayerudi na kamba kupima.

Msomaji wenu